Kuandika historia ya mfuko wa jamii Kigoma: anza na daftari la ruzuku

Historia nyingi za mifuko ya jamii huandikwa wiki mbili kabla ya sherehe ya kutimiza miaka 10 au 20, na zote hufanana. Kuna picha ya mwenyekiti, salamu za mgeni rasmi, orodha ya wafadhili, kisha ukurasa wa "mafanikio na changamoto". Ukimaliza kusoma bado hujui ni kikundi gani kilipewa fedha, kiasi gani, kilinunua nini, na kama kipo mpaka leo.

Mwongozo huu ni wa mfuko wowote mkoani Kigoma unaochangisha fedha kutoka kwa watu na wafadhili mbalimbali, kisha ukatoa ruzuku kwa vikundi na asasi za hapa hapa: wachakataji wa dagaa wa Kibirizi, wakamuaji wa mawese, wafugaji nyuki wa Kasulu na Kibondo, akina mama wa kuweka na kukopa, asasi za watu wenye ulemavu. Kazi ya mfuko wa namna hii ni kuamua nani apewe na nani asipewe. Basi historia yake ifuate maamuzi hayo, na hotuba zije baadaye kama nafasi ipo.

Tenga miezi 5 hadi 6 na watu 3: mmoja wa nyaraka, mmoja wa jedwali, mmoja wa mahojiano. Afisa anayeshughulikia ruzuku asiwe ndiye mhoji. Kikundi kinachotarajia kuomba tena mwakani hakitamwambia kwamba fedha za mwaka jana ziliishia kwenye posho.

Tarehe ya kuanzishwa ni ipi?

Ugomvi wa kwanza utakuwa hapa, kwa hiyo umalize mapema. Mfuko huwa na tarehe za mwanzo zisizopungua tatu: siku waasisi walipokutana, siku ruzuku ya kwanza ilipolipwa, na siku ya usajili. Ziandike zote tatu, kila moja na hati yake, halafu bodi iamue ipi itumike kwenye maadhimisho na sababu iandikwe.

Usajili ndio unaopotosha zaidi. Mfuko wa zamani huenda ulisajiliwa kama chama chini ya Sheria ya Vyama (Sura 337), au wadhamini wake walisajiliwa chini ya Sheria ya Muunganisho wa Wadhamini (Sura 318), au ulikuwa kampuni isiyo na hisa. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ilikuja 2002, na marekebisho ya 2019 yakayalazimisha mashirika mengi yaliyokuwa chini ya sheria nyingine kuhamia kwa Msajili wa NGOs. Cheti cha 2019 ukutani hakimaanishi kwamba mfuko ulianza 2019. Tafuta cheti kilichokitangulia. Majina ya wadhamini na miaka yao yanaweza kupatikana RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, kwa Kabidhi Wasii Mkuu, kwa sababu mabadiliko ya wadhamini hupelekwa huko. Nenda na barua ya bodi yenye muhuri na nakala ya cheti, la sivyo utarudishwa mlangoni.

Nyaraka: zilipo na zinavyoharibika

Usiishie kwenye kabati la ofisi. Mifuko ya mikoani imehama vyumba mara nyingi, na kila kuhama hupoteza sanduku. Fika nyumbani kwa waliokuwa makatibu na waweka hazina, hata waliojiuzulu kwa hasira, hasa hao, maana mtu aliyeondoka na malalamiko huondoka na nakala zake. Pita kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata, ambaye faili la kikundi mara nyingi lina barua ya mfuko ndani yake. Kikundi chenyewe nacho kina daftari la mweka hazina, na mara nyingine ndiyo nakala pekee iliyobaki ya mkataba wa ruzuku.

Unazotafuta, kwa mpangilio wa thamani: mihtasari ya vikao vya kuidhinisha ruzuku, hati za malipo, taarifa za benki, mikataba ya ruzuku, maandiko ya miradi (yaliyokubaliwa na yaliyokataliwa), ripoti za vikundi, ripoti za ukaguzi wa hesabu, katiba na marekebisho yake yote. Vipeperushi na ripoti za mwaka zilizochapwa vizuri ziwe mwisho. Ziliandikwa kumpendeza mfadhili.

Usishangae ukikuta miaka ya nyuma haina hati za fedha. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe miaka mitano, na ofisi nyingi huichukulia miaka hiyo kama ruhusa ya kuchoma moto. Panapokosekana hati ya malipo, taarifa ya benki inaweza kujaza pengo, ila iombe mapema, kwa barua ya watia saini wa sasa.

Risiti za mashine za EFD, zile mashine za kielektroniki za kodi zilizoanza kutumika nchini 2010, ni balaa la pekee. Karatasi yake hupokea maandishi kwa joto, na kwa joto hufifia. Risiti iliyokaa miaka michache kwenye faili karibu na dirisha inabaki karatasi nyeupe. Zipige picha au fotokopi kabla ya kitu kingine chochote, na usizipitishe kwenye laminesheni, kwani lile joto litaifanya karatasi nzima kuwa nyeusi. Kwa hati nyingine pia laminesheni haifai, haiondoki tena. Selotepu vilevile: baada ya miaka hugeuka njano, gundi hubaki na kung'ang'ania karatasi jirani.

Utaratibu wa kushughulikia kila sanduku ni huu. Lifungue nje ya ofisi au kwenye baraza, ili mchwa na vumbi la panya visisambae. Ondoa pini za stepla zilizoota kutu kwa kuzinyanyua na kisu butu, usizivute. Pangusa kwa brashi laini ya rangi. Hati yenye unyevu, jambo la kawaida kwa nyumba zilizo karibu na ziwa wakati wa masika, itandazwe kivulini juu ya karatasi kavu, isianikwe juani. Kila hati ipewe nambari kwa penseli kwenye kona ya nyuma: aina, mwaka, nambari ya mfuatano, kwa mfano MUH-2004-07 kwa muhtasari wa saba wa 2004. Piga picha kwa simu kando ya dirisha, bila mwako wa kamera, simu ikiwa sambamba na karatasi, na jina la picha liwe nambari ileile. Weka nakala tatu: kompyuta ya ofisi, diski ya nje, na nyingine nje ya jengo hilo kabisa. Flashi moja kwenye mkufu wa katibu si hifadhi.

Jedwali la ruzuku

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Fungua jedwali lenye mstari mmoja kwa kila ruzuku, hata ile ya 100,000. Safu ziwe hizi: mwaka, jina la kikundi kama lilivyoandikwa kwenye hati, jina la sasa, kijiji au mtaa, kata, wilaya ya wakati ule, wilaya ya sasa, lengo, kiasi kilichoidhinishwa, kiasi kilicholipwa, kiasi kilichopokelewa, chanzo cha fedha, hali ya kikundi leo, nambari za hati.

Safu mbili za wilaya si mapambo. Mwaka 2012 wilaya za Buhigwe, Kakonko na Uvinza zilikatwa kutoka Kasulu, Kibondo na Kigoma. Ruzuku ya 2009 iliyoandikwa "Kasulu" huenda ilikwenda Munanila, ambayo leo ni Buhigwe. Ya "Kibondo" huenda ilikwenda Gwanumpu, leo Kakonko, na ya "Kigoma Vijijini" ikawa ya Nguruka, leo Uvinza. Ukijumlisha kwa majina ya zamani, Buhigwe itaonekana haikupata kitu mpaka 2012 na Kasulu itaonekana ilipendelewa. Ugomvi wa namna hiyo ukishachapwa kitabuni, kuufuta ni kazi.

Sasa zile safu tatu za kiasi. Muhtasari unaonyesha kilichoidhinishwa, hati ya malipo na benki vinaonyesha kilicholipwa, na daftari la kikundi linaonyesha kilichopokelewa. Mara chache vinalingana. Chukua mfano wa kubuni: bodi iliidhinisha 3,000,000 kwa mizinga ya nyuki. Hati za malipo ni mbili, 1,800,000 na 700,000. Daftari la kikundi lina 2,450,000. Zile 500,000 hazikutoka, labda kwa sababu ripoti ya awamu ya pili haikuletwa. Angalia muhtasari unaofuata. Zile 50,000 zinaweza kuwa makato ya benki, nauli ya aliyefuata hundi mjini, au mkono wa mtu. Kama hakuna hati, andika "tofauti 50,000, haikupatikana maelezo" na uendelee. Usizibe pengo kwa kukisia. Na ukiandika jumla ya ruzuku za miaka yote, tumia safu ya kilicholipwa. Mifuko hupenda kutangaza kilichoidhinishwa kwa sababu ni kikubwa zaidi.

Jumla yenyewe ina mtego mwingine: shilingi ya 1998 si shilingi ya leo. Kuzijumlisha hivi hivi kunafanya miaka ya mwanzo ionekane ya kitoto, ingawa huenda ndipo mfuko ulipotoa sehemu kubwa zaidi ya ulichokuwa nacho. Ofisi ya Taifa ya Takwimu hutoa Fahirisi ya Bei za Walaji, namba inayoonyesha bei zilivyopanda au kushuka. Hesabu ni kiasi cha zamani mara fahirisi ya sasa, gawanya kwa fahirisi ya mwaka ule. Tuseme fahirisi ya mwaka ule ni 40 na ya sasa ni 120: 500,000 × 120 ÷ 40 = 1,500,000. Angalia tu kwamba namba zote mbili zina mwaka mmoja wa msingi, yaani mwaka ambao fahirisi imewekwa kuwa 100. Mwaka wa msingi ukibadilishwa, mifululizo miwili haichanganywi mpaka iunganishwe kwenye mwaka inapokutana. Kwa msomaji wa kijijini kuna njia rahisi inayosema zaidi: toa bei ya mfuko wa saruji au debe la mawese kwenye hati za malipo za mwaka uleule, kisha eleza ruzuku ilitosha mifuko mingapi au madebe mangapi.

Safu ya "hali ya kikundi leo" ijazwe kwa majibu matano tu: kipo na kazi ileile, kipo lakini kimebadili kazi, kimeungana au kimegawanyika, kimekufa, hakijulikani. Kisha sababu kwa maneno machache. Mashine ya kukamua mawese iliyokosa spea ni sababu. Mwenyekiti kuhamia Dar es Salaam na kitabu cha benki ni sababu. Kumbuka pia kwamba kufa si lazima kuwe kushindwa: kikundi kilichoundwa kujenga vyoo vya shule kikavijenga kimemaliza kazi yake, na kukihesabu kati ya waliofeli ni kukionea.

Kusoma mihtasari

Ukurasa wa kwanza wa muhtasari hausemi mengi: kufungua kikao, dua, mahudhurio. Maneno "wajumbe walikubaliana kwa kauli moja" pia hayasemi kitu, huandikwa hata pale watu walipotoka wakizozana. Nenda kwenye "yatokanayo na kikao kilichopita". Jambo linalorudi kwenye yatokanayo vikao vitatu mfululizo ndilo lililokuwa linausumbua mfuko. Kisha soma "mengineyo", ambako mambo mazito huletwa saa ya kuondoka. Linganisha mahudhurio na maamuzi: nani hakuwepo siku ruzuku yenye utata ilipopitishwa? Hakikisha pia muhtasari ulisainiwa na kuthibitishwa. Usiosainiwa ni rasimu, na utajwe hivyo.

Mahojiano

Watu 25 hadi 30 wanatosha kwa mfuko wa miaka 20. Waasisi na wenyeviti wasizidi theluthi moja. Waliobaki wawe waweka hazina wa vikundi, wajumbe waliojitoa, maafisa wa kata waliostaafu, na viongozi wa vikundi vilivyonyimwa. Hao wa mwisho ndio wanaokumbuka vigezo vya ruzuku kuliko waliopewa.

Panga ratiba kwa kazi za watu. Wavuvi wa dagaa wanaotumia taa huvua usiku wa giza na kulala mchana, kwa hiyo wafuate siku za mwezi mpevu. Ukiwekwa utaratibu wa kufunga uvuvi, kama ilivyokuwa Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, itumie miezi hiyo. Kwa wakulima wa Kasulu, Buhigwe na Kibondo, Juni hadi Agosti ni bora kuliko msimu wa kupanda, na mabonde hayana matope. Vijiji vya pwani ya ziwa, kusini mwa mkoa, vipangiwe siku ya ziada, boti haiendi kwa saa ya ofisi.

Mzee wa Buhigwe akiongea Kiha anaeleza zaidi ya akilazimishwa Kiswahili sanifu. Tafuta mkalimani asiye ndugu yake wala mjumbe wa mfuko, na hifadhi sauti ya Kiha pamoja na tafsiri. Kabla ya kurekodi soma fomu ya ridhaa kwa sauti: nani atasikiliza, jina litajwe au lisitajwe, na haki ya kuondoa maneno yake kabla ya kuchapwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inataka ridhaa hiyo, na fomu yenye alama ya dole gumba inafaa ilimradi shahidi asaini. Zima mtandao kwenye simu, rekodi sekunde 30, zisikilize, ndipo uanze. Kaa ndani au nyuma ya nyumba, maana upepo wa ziwani hufunika sauti nzima na hutagundua mpaka umerudi mjini.

Usiulize "je, mfuko uliwasaidia?" Jibu ni "sana, tunashukuru", na mazungumzo yameisha. Uliza: Fedha zilifika siku gani? Nani alikwenda kuzichukua? Kitu cha kwanza kununua kilikuwa nini? Nani kwenye kikundi hakutaka? Kile kitu kiko wapi leo? Kama kipo, omba kukiona na ukipige picha.

Hakikisha mnaongelea mfuko mmoja. Kijijini "mfuko" unaweza kuwa TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa serikali ulioanza 2000, Mfuko wa Afya ya Jamii, Mfuko wa Jimbo, au ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Swali la kutenganisha ni fupi: mlirudisha au hamkurudisha, na nani alikuja kukagua? Fedha za halmashauri ni mkopo, zinarudishwa, na utoaji wake ulisimamishwa 2023 kabla ya kurejeshwa kwa utaratibu mpya. Mtu anayekumbuka afisa wa halmashauri akidai marejesho hazungumzii ruzuku yako.

Miaka haikumbukwi kwa namba. Andaa kalenda ya matukio na uipitie naye: vita vya Kagera 1978–1979; wimbi la wakimbizi wa Burundi mwishoni mwa 1993; wakimbizi wa Zaire 1996 na 1997; mvua za El Niño 1997–1998; kugawanywa kwa wilaya 2012; kipindupindu cha Kagunga, kijiji cha mpakani na Burundi, Mei 2015, meli ya Liemba ilipokuwa ikisomba wakimbizi kuwaleta Kigoma mjini; ziwa lilipopanda na kumeza kingo 2020–2021. "Fedha zilikuja kabla ya Kagunga au baada?" ni swali linalojibika. Awamu za marais nazo husaidia, ingawa wengi huchanganya mwisho wa Mwinyi na mwanzo wa Mkapa, 1995.

Hati na mtu wakipingana, usiiamini hati kwa sababu tu ina muhuri. Muhtasari huandikwa na katibu mmoja, na hupitishwa wiki au miezi baadaye. Andika kauli zote mbili, taja ipi ina ushahidi wa tatu.

Muktadha, kurasa mbili tu

Waandishi wengi huanza na Livingstone na Stanley pale Ujiji 1871. Waache wapumzike. Kinachohitajika ni kueleza kwa nini vikundi vya mkoa vilihitaji chombo cha kuvigawia fedha. Serikali za mitaa zilivunjwa 1972. Za miji zikarudi 1978 na za wilaya 1984. Vyama vikuu vya ushirika vilifutwa 1976, sheria ya kuvirudisha ikaja 1982. Kuhamishia watu vijijini, kulikoanza Kigoma mwaka 1972, kulibadilisha majina na mahali pa makazi, ndiyo maana kikundi cha kuzikana kilichoanza kabla ya hapo kinaweza kuonekana kimetoka kijiji kisichokuwepo kwenye ramani. Nyaraka za ukoloni kuhusu Kigoma zitafute chini ya Jimbo la Magharibi, makao yake makuu yakiwa Tabora, kwenye Nyaraka za Taifa Dar es Salaam.

Aya moja inatosha kwa mifuko ya namna hii duniani. Wa kwanza ulianzishwa Cleveland, Marekani, 1914, na mwanabenki Frederick Goff, aliyeona fedha za wosia zimefungwa kwenye malengo yaliyopitwa na wakati, akaziweka chini ya kamati ya raia inayoweza kubadili matumizi. Kenya ilipata wake, Kenya Community Development Foundation (KCDF), 1997. Tanzania, Foundation for Civil Society ilianza 2002, nayo ni ya kitaifa. Linganisha na mfuko wako kwenye jambo moja tu: je, una mtaji wa kudumu, au hutoa kile tu mfadhili alicholeta mwaka huo? Jibu linaeleza kwa nini kuna miaka mitupu kwenye jedwali.

Kuandika na kuchapa

Gawa sura kwa vyanzo vya fedha au kwa mabadiliko ya vigezo vya ruzuku, usizigawe kwa wenyeviti. Pakiwa na upotevu, andika kile hati inachosema: kiasi, tarehe, hatua ya bodi. Bila hukumu ya mahakama au ripoti ya ukaguzi, mtu asiitwe mwizi. "Fedha hazikurejeshwa na bodi haikuchukua hatua" inatosha, na mara nyingi inauma zaidi.

Rasimu isomwe kwa sauti kwenye mkutano wa vikundi, sura moja moja, na mtu aandike masahihisho. Kisha toa siku 14 za kuleta hati za kupinga. Pingamizi lenye hati libadilishe maandishi; lisilo na hati liingie kwenye tanbihi na jina la mtoa kauli kama ameridhia.

Ukubwa wa A5, kurasa 60 hadi 80, unafaa. Kwa kijitabu cha kushonwa katikati kwa pini, idadi ya kurasa igawanyike kwa 4, na ikizidi 80 kinatuna na kufunguka, hapo ubandike kwa gundi. ISBN huombwa Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, ambako nakala za kitabu pia huwekwa. Kila kikundi kilichotajwa kipate nakala moja, na jedwali lote la ruzuku liwe kiambatisho hata likichukua kurasa 15. Mhariri atakushauri ulitoe kupunguza gharama. Toa picha za mgeni rasmi.

Masanduku yenye hati zilizopewa nambari yarudi kwenye kabati la chuma, juu ya mbao, sentimita 15 kutoka sakafuni, pamoja na nakala iliyochapwa ya orodha. Na kila kikao cha ruzuku kikifungwa, katibu aongeze mistari mipya kwenye jedwali kabla ya kutoka ukumbini, hati zikiwa bado mezani.